Jina Ambalo Konsolata Hakulitaja

Kwenye matanga ya Mama Konsolata, kule mtaa wa Katoyi, hapa Goma, nilichelewa makusudi. Mtu wa umri wangu akichelewa, watu husema ni magoti, na mimi nimewaacha waseme magoti kwa miaka mingi sasa kwa sababu inanisaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeambiwa Daforoza atakuwepo, binti yake wa pekee, na Daforoza nimemkwepa maisha yangu yote kuliko nilivyowahi kumkwepa daktari. Nilitaka nikute watu wameshakaa, nijipenyeze nyuma karibu na masufuria, nile wali wangu kidogo, nimlilie rafiki yangu kimya kimya, kisha nirudi kwangu mtaa wa Mapendo kabla mtu hajaniuliza neno. Lakini mzee hajifichi matangani. Kijana mmoja aliniona mlangoni, akaja mbio kunishika mkono. "Mama Mwamini, kuya huku mbele. Weye njo rafiki yake ya zamani kabisa." Nikakalishwa mstari wa kwanza, mbele ya picha ya marehemu, na kwenye kiti cha pembeni yangu alikuwa amekaa mwanamke mwenye nywele nyeupe kama zangu. Aligeuka, akanipa mkono. Alikuwa Daforoza.

Ningevumilia hayo yote kama si yule jirani aliyesimama kutoa ushuhuda. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, mwalimu nadhani. Akasema kwamba Mama Konsolata alikuwa mwanamke jasiri kuliko wanaume, kwamba zamani za Wabelgiji, wakati mke wa Kinyarwanda hakuweza hata kulitaja jina la baba mkwe wake, yeye alisimama mbele ya ukoo mzima akalitaja kwa sauti, akajikomboa. Vijana walipiga makofi. Wazee watatu wa ukoo wa marehemu mumewe, waliokuwa wameshuka kutoka Masisi kwa ajili ya mazishi waliinamisha vichwa wakaangalia mikono yao. Nami maneno yale nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kwa sababu niliyatunga mimi, katika bohari la kahawa, mwaka wa hamsini na saba, nikiwa na miaka kumi na minane na kichwa kilichojaa upepo.

Bohari lile lilikuwa la mfanyabiashara aliyetuazima siku za Jumapili. Lilinuka magunia na kahawa mbichi, na vumbi lake lilituingia kooni hata tukawa tunakohoa katikati ya mazungumzo ya kusikitisha, watu wakidhani tunalia. Kikundi chetu cha michezo kiliongozwa na Mwalimu Anselme, mtu mfupi mwenye koti moja la heshima, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ametuchosha kwa michezo ya watakatifu. Watu walikuja, wakakaa, wakasinzia. Jumapili moja mama mmoja muuza ndizi alikoroma kwa nguvu mpaka mtakatifu mwenyewe akasahau maneno yake. Mwalimu aliumia sana. Wiki iliyofuata akatukusanya, akasema: "Tumemaliza na batakatifu. Sasa tutacheza batu ya hapa kwetu. Dereva wa kweli, mupishi wa kweli, mujane wa kweli. Muende mubaulize maisha yao, muniletee." Kila mmoja akapewa mtu wake. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana pekee, nikapewa mjane. Kucheza nisingeruhusiwa, baba yangu angenivunja miguu kabla sijapanda jukwaani, na kwa kweli wanawake wote katika michezo yetu walichezwa na Telesfori, karani mwembamba wa Rutshuru aliyejua kutembea na kibuyu kichwani. Lakini kukaa jikoni kwa mwanamke mwenzangu na kumsikiliza, hilo hata baba hakuona ubaya wake. Mama yangu alitoa mchango wake pia: pazia la mlango wa chumba chetu, la mistari myekundu, akaniambia nilipunguze upindo lisiburute kwenye lile jukwaa letu la mbao. Nikalikata mwenyewe, na nikalikata vibaya, kwa haraka ya kwenda kwa Konsolata.

Alikuwa akiishi nyuma ya soko, katika chumba kimoja chenye kuta za mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila udongo wa kutosha, hata mwanga ukaingia kwa nyufa na kulala sakafuni kama nyuzi. Alifua mashuka ya hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa, na mikono yake ilikuwa imekunjamana na kuwa myeupe kwenye ncha za vidole. Alikuwa bado kijana, hakufika hata thelathini, ila mimi kwa upumbavu wa miaka yangu nilimwona mtu mzima sana. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Yeye aliniita mutoto, akanipa kigoda, akapakua maharagwe na ndizi katika sahani moja ili tule pamoja, maana kwake maneno hayakuwa na ladha kama hamjala sahani moja. Nimekula karamu nyingi tangu siku hizo. Maharagwe yale, yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese na chumvi kidogo ya kubania, bado nayatafuta.

Siku ya kwanza hiyo hiyo niliona jambo. Alitaka jiwe dogo la kuegemeza sufuria, akamwomba jirani dirishani kwa Kinyarwanda. Akaanza neno, akajizuia, akazunguka: "kile kigumu, kile cheusi cha chini." Jirani alielewa mara moja. Mimi nikacheka. Konsolata naye akacheka, akanieleza. Mke wa kwao hataji jina la baba mkwe wake, akiwa hai au akiwa amekufa, wala hataji neno lolote linalofanana nalo. Wanaita gutsinda. Na jina la baba mkwe wake lilikuwa limezaliwa katika neno la Kinyarwanda la jiwe. "Angalia bahati yangu," akasema, akionyesha ukuta, sakafu, njia iliyo nje ya mlango. "Mungu akanileta Goma! Fasi yote ni ile kitu." Tulicheka mpaka sahani ikatikisika. Kisha akasema jambo ambalo nililipenda sana siku ile: "Njo maana minapendaka Kiswahili. Mu Kiswahili sina bakwe. Minasema jiwe, jiwe, jiwe, na hakuna mutu namukosea heshima." Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimeliandika mara moja, na inatosha.

Nilikwenda kwake kila wiki, tangu mvua za mwisho wa mwaka hadi karibu na Pasaka, na kidogo kidogo akanipa maisha yake. Mumewe aliangukiwa na mti akisafisha shamba la mkoloni mmoja huko Masisi. Baada ya msiba shemeji yake akataka kumrithi, kama desturi, na yeye hakutaka. Hakugombana na mtu. Alfajiri moja aliinuka akashuka kwa miguu mpaka Sake, akapita juu ya yale mawe ya volkano yaliyowahi kushuka mpaka ziwani, akapita lile ziwa dogo la Lac Vert miguu ikitoka damu, akaingia Goma bila kumjua yeyote. Binti yake alimwacha amelala kwa nyanya yake, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba, na mama anayemwiba mtoto hana tena mahali pa kurudi. Tangu hapo, kila alipopata, alimtumia baba mkwe wake chumvi na sabuni kwa dereva wa lori la mboga. Na dereva akamrudishia neno la mzee, ambalo Konsolata alinirudilia mara nyingi kama mtu anayepapasa kitu mfukoni kuona kama bado kipo: "Alisema, 'Ule mwanamuke alitukimbia, lakini hajatutukana.'" Juu ya neno hilo moja alikuwa amejenga tumaini lake lote. Shemeji alikuwa amekubali kumleta Daforoza Goma siku za Pasaka, wamwone mama anavyoishi. Na kama mambo yakienda vizuri, mtoto angebaki asome kwa masista. "Nikiendelea kuheshimu, batanipa mutoto," aliniambia. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye busara. Nilikuwa nikiwaza jinsi Telesfori atakavyotembea.

Maana nilichopeleka boharini kila Jumapili kilipendwa. Dereva wa kweli alikuwa mlevi na muongo, mpishi wa kweli alikataa kusema chochote, lakini mjane wangu aliwafanya wanaume wakae kimya. Tatizo lilikuwa mwisho. Mwanamke anafua mashuka, anatuma chumvi, anangoja: Mwalimu Anselme alisema huo si mwisho, huo ni msitari wa kungojea posho. Ndipo mimi nikanyoosha mkono. Nilisema, mwanamke huyu ameishi miaka yote bila kutaja jina moja. Basi mwishoni alitaje. Asimame, ukoo wote uko mbele yake, alitaje jina la mzee kwa sauti, na pazia lifungwe. Mwalimu aliruka. "Mutoto, we uko na kichwa!" Sijawahi kusifiwa vile tena katika maisha yangu, na nasema haya nikiwa nimezaa na kulea. Telesfori peke yake ndiye hakufurahi. Alishika kibuyu chake akasema, "Mwalimu, ile sitaweza. Hata mama yangu akisikia, atashindwa kula. Mutumie jina ya uongo." Nikamjibu mimi, wala si Mwalimu: "Weye ni mwanaume, na ni muchezo tu. Jina ya uongo haina nguvu." Jina la kweli nililipata kwa yule dereva wa mboga, aliyelisema bila kufikiri, mdomo umejaa karanga. Konsolata hakunipa. Hakuweza kunipa. Nami sikumwambia kwamba ninalo.

Alijua kwamba maisha yake yatachezwa, na alifurahi kupita kiasi. Alituazima kitenge chake cha bluu chenye ndege, alichokuwa akikivaa kanisani, ili Telesfori akivae. Jumapili ya mchezo, saa tisa alasiri, nilichungulia nyuma ya pazia, nikamwona anaingia boharini na mwanaume mrefu mwenye fimbo na kofia, na mtoto wa kike wa miaka sita aliyevaa gauni jipya lililomzidi. Alikuwa amemchagulia shemeji yake siku hiyo hasa. Alitaka aone kwamba watu wa mjini wanamheshimu mpaka wanamwekea mchezo. Nilielewa wakati ule ule, sitajidanganya. Nilimwendea Mwalimu nikamwambia ukoo uko ndani, tuondoe jina. Akasema tumeshachelewa, na kwamba Telesfori akibadilisha atachanganyikiwa. Ningeweza kumwendea Telesfori mwenyewe, aliyekuwa hatua chache kutoka nilipo, aliyekuwa ananitazama kama mtu anayeomba aambiwe. Sikumwendea. Kuna sehemu yangu, na ndiyo niliyoishi nayo, iliyotaka kusikia yale makofi.

Na makofi yalikuja. Telesfori alisimama katika kitenge cha ndege, akavuta pumzi, akalitaja jina. Watu wa soko, makarani, madereva, Waswahili wetu wa Maniema, Waislamu kama mimi, ambao hawakujua uzito wa kitu kile, walisimama wakapiga kelele kwa furaha. Katikati ya kelele nilimwona Konsolata amejiziba mdomo kwa viganja viwili, kama vile ni mdomo wake uliofanya. Shemeji yake hakupiga kelele wala hakumtukana. Aliinuka polepole, akachukua fimbo, akamshika mtoto mkono. Wale Wanyarwanda waliokuwa ukumbini walimpisha njia bila kuombwa. Mtoto alitoka akiangalia nyuma, wala hakuwa akimwangalia mama yake. Alikuwa akikiangalia kitenge kilichoko jukwaani.

Kesho yake asubuhi pazia lilikuwa limesharudi mlangoni pa chumba chetu, na mimi nilikuwa nyuma yake nikikunja nguo, niliposikia sauti ya Konsolata uani. Alimsalimia mama yangu salamu zote, za usiku, za watoto, za kazi, bila kuruka hata moja. Kisha akasema: "Mama, nimekuya kuomba Mwamini anisindikize Masisi. Aende tu aseme njo yeye alitia ile neno mu muchezo. Mie mdomo yangu hawataisadiki tena." Mama yangu alijua niko pale. Alikuwa ametoka kuninywesha chai. Usiku baba alikuwa amesema kwamba hataki jina la binti yake lipande milimani kwenye ugomvi wa watu. Basi mama akajibu, "Hayuko. Alienda kwa shangazi yake." Nilikuwa na hatua tatu za kutoka. Niliangalia ile mistari myekundu, nikaanza kuihesabu ili nisifikiri. Nikamsikia Konsolata akisema, "Basi. Mumwambie nilifikaka." Halafu sauti ya miguu yake mitupu juu ya mawe, ikienda. Mama yangu hakunikaripia. Alisema tu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mpaka leo sijui alikuwa akinisema mimi au akijisema mwenyewe.

Konsolata alikwenda Masisi peke yake, akafika mpaka kwenye ua, hawakumfungulia. Mtoto alibaki kule. Miezi michache baadaye mzee alifariki bila kumruhusu aje kulia. Hayo niliyasikia kwa dereva wa mboga. Kikundi chetu kilicheza mchezo ule mara nyingine nyingi, ukapendwa, na mjini watu wakaanza kusimulia kwamba mambo yalikuwa hivyo kweli, mpaka mchezo ukasahaulika na uongo ukabaki umesimama peke yake. Konsolata hakuwahi kuniuliza kitu. Nilipoolewa alileta maharagwe. Kila Idi alikuja kunisalimia. Kila Krismasi nami nilikwenda kwake, na tulizungumza bei ya sukari na maumivu ya mgongo. Hata mwaka ule volkano iliposhuka katikati ya mji na kufunika nyumba zetu, tulikutana njiani tumebeba magodoro, akiruka juu ya mawe ya moto na kuyalaani kwa Kiswahili. Kwa Kinyarwanda bado alizunguka. Kila mara nilijiambia, leo nitasema. Kila mara alinipa kiti, nikakaa, nikanyamaza. Daforoza alikua, akaolewa huko juu, akawa anakuja kumwona mama yake kama mgeni anavyokuja: anakaa ukingoni mwa kiti, anaacha zawadi, anaondoka kabla ya chakula.

Huyo ndiye aliyeninong'oneza pale matangani, wakati vijana bado wanapiga makofi. "Mama Mwamini. Ile anasema, ni kweli?" Sikumjibu yeye. Nilishika mgongo wa kiti, nikasimama, na magoti safari hii yalinitii. Niliwaambia watu kwamba kijana amesema vizuri lakini amesema uongo, na si kosa lake. Nikawaambia kuhusu bohari, kuhusu Telesfori, kuhusu mkono niliounyoosha nikitaka sifa za mwalimu. Nikasema: Konsolata hakulitaja jina lile hata siku moja, mimi ndiye niliyelitia katika mdomo wa karani aliyevaa nguo yake. Mzee mmoja wa Masisi, mkubwa wao, aliinua kichwa akaniuliza kwa upole, "Sasa yeye alikuwa anamuitaka baba yetu namna gani?" Nikamwambia alikuwa akimwita Mwenye Rugo, mwenye ua. Yule mzee akatikisa kichwa mara nyingi. Hakuna aliyepiga makofi, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Nilipokaa nilidhani nimemaliza. Nilijiona hata mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na aibu inanishika sasa nikikumbuka. Daforoza alikuwa analia bila sauti. "Alinielezea kwenye kitanda," akasema. "Alisema, mutoto wangu, mie sikusemaka. Nikamwambia, mama, usinidanganye na uko unakufa. Akanyamaza. Akafa vile." Nikatafuta mkono wake. Hakuuvuta. "Lakini ile asubuhi aliyokuya kwenu, hukuyisema hapa mbele ya batu," akaendelea. "Ulikuwa nyuma ya rido, ile pazia ya mulango."

Nikamuuliza nani alimwambia, maana mama yangu ameshakufa na mimi sijamwambia mtu.

"Yeye mwenyewe. Alisema rido yenu ilikuwa fupi, miguu yako ilionekana chini. Nikamuuliza, mbona hukumuita? Akasema, 'Ile miguu ilikuwa inatetemeka. Nikaona ni mutoto. Nikamuacha.'"

Wanawake walianza kugawa chakula. Daforoza alipokea sahani moja ya maharagwe na ndizi, akaiweka kati yetu, akaningoja nianze.